Nilivyovalisha ukuta wa chumba cha mama upande usiofaa, hapa Kasongo

Wakuu, salamu kutoka Kasongo. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na kama ningekuwa napamba hadithi ningejipamba mimi kwanza, maana humu natoka vibaya.

Mama yangu alitoka kijijini kwetu Wamaza kuja kukaa kwangu. Kifua kinamsumbua, na huku angalau hospitali iko karibu. Nilimpa chumba kipana kuliko vyote. Kasoro moja tu: ukuta wake unaelekea machweo, ni wa tofali moja la kuchoma, hauna kivuli. Kuanzia saa tisa mchana ukiugusa unaondoa mkono.

Baada ya wiki moja akaniambia, "Papa, unirudishe kwetu. Hapa naiva."

(Ananiita papa, yaani baba, kwa sababu nina jina la baba yake.)

Kumrudisha Wamaza ni safari ndefu juu ya pikipiki, na akibanwa kifua huko hakuna pa kumkimbiza. Kwa hiyo lazima chumba kipoe.

Sasa, mimi ni mwalimu, mtu wa lisansi, ile digrii ya chuo kikuu. Mtu wa lisansi haulizi fundi, anasoma. Nikasoma kwenye intaneti habari za kuta za Ulaya, ambako shida ni baridi na watu wanazuia joto lisitoke. Nikajiambia ni kitu kile kile, nageuza tu.

Rafiki yangu mchuuzi wa huko Salamabila alikuwa na rundo la yale mapovu meupe magumu yanayokuja ndani ya katoni za friji. Akanitumia. Dereva wa pikipiki alifika kama mtu aliyebeba wingu.

Nikayapigilia ukutani kwa ndani, juu yake mbao nyembamba za triplex, juu yake rangi.

Joto likapungua kweli. Nilitembea mtaani kama mhandisi.

Kisha mvua zikaanza.

Ukuta ulikunywa maji kama kawaida yake. Zamani hewa ya chumba ilisaidia kuukausha. Sasa nilikuwa nimeufunga plastiki. Ikaja harufu ya uvundo, triplex ikafura, mama akakohoa mpaka anashika kitanda.

Tulipobandua ubao mmoja, nyuma yake kulikuwa kweusi kwa ukungu, na mchwa wamejitengenezea barabara nzuri kuliko ile yetu ya kwenda Kabambare.

Mama akatazama. "Lisansi hii yote, na haukuuliza maji inapita wapi?"

Mchana huo begi lake lilikuwa mlangoni.

Nikamwomba anivumilie mwezi mmoja, alale chumbani kwangu. Nikamwita Fundi Ramazani, jirani yangu. Hakuingia hata ndani. Alizunguka nje, akaweka kiganja ukutani.

"Mwalimu, mvua inatokea upande gani?"

"Huu."

"Na jua?"

"Huu huu."

"Sasa upande wa ndani uliuvalisha wa nini?"

Nikaenda kuleta nyundo.

Tukang'oa yote, tukaacha ukuta ukauke. Ramazani akarefusha paa upande huo ili mvua isiupige tena. Kisha akafunga fito za mianzi kwa nje, tukajaza udongo uliochanganywa na maganda ya mpunga, yale yanayotupwa nyuma ya mashine za kukoboa. Maganda yanashika hewa, udongo unaacha ukuta upumue.

Mchanganyiko wa kwanza mama aliukataa. "Ramazani, hii iko uji. Ukuta iko mugonjwa?"

Kumbe huko Wamaza amekandika nyumba maisha yake yote. Sikuwahi kumuuliza. Akaketi kivulini akatusimamia, wanaume wawili wenye mvi, tunakanyaga udongo. "Papa, kanyaga! Unaogopa itakuuma?"

Chumba hakijawa cha baridi, nisidanganye. Lakini saa tisa unaegemea ukuta bila kuruka. Kikohozi kinakuja mara moja moja. Nyufa zipo, kila kiangazi tutakandika upya.

Nilichojifunza: kabla ya kuchagua cha kuvalisha ukuta, ujue unalowa wapi na unakaukia wapi. Na umuulize aliyewahi kujenga, hata kama ni mama yako.

Wenye nyumba za bloku za saruji, nyinyi mmefanyaje? Niandikieni. Mkitaka kunicheka, pangeni mstari nyuma ya mama.

Juzi pikipiki ilisimama mlangoni na kinu cha mama kutoka Wamaza. Mimi sikuagiza. Mama alimwambia dereva, "Peleka jikoni," akarudi chumbani kwake kulala.