Shikamoo, Marehemu

Bodaboda wa stendi ya Bariadi wana adabu zao. Akipita Method, fundi wa pampu za kupulizia dawa ya pamba, humwamkia kwa pamoja: "Shikamoo, Marehemu!" Naye hujibu "Marahaba" bila kugeuza shingo, kama mtu aliyezaliwa na cheo hicho. Wageni walioletwa na mkoa mpya, wale wenye suruali za mkunjo wa pasi, hudhani ni utani wa kijiweni.

Si utani. Mtu huyu ana kaburi. Liko nyuma ya nyumba ya mama yake, kando ya barabara ya kwenda Maswa, na msalaba wake wa saruji umeandikwa jina alilopewa alipozaliwa: MWANDU. Kila Jumamosi mama yake, Nyanjige, hulifagia kaburi hilo. Specioza, mkewe Method, halali na neno moyoni: "Wenzio wana viwanja, wewe una kaburi. Tena hata kulitumia hulitumii."

Chanzo cha yote ni kitabu. Alipokuwa darasa la nne, mvua ikipiga bati hadi hesabu hazisikiki, mwalimu alikuwa akiwasogeza watoto karibu na kuwasomea kitabu kilichopoteza jalada. Humo watoto watoro wanajitengenezea chombo, wanakwenda kusaka mali iliyofukiwa, wanapotea, nyumbani wanaliliwa, kisha wanarudi na kijiji kizima kinawapigia makofi. Mwandishi hakuwahi kufika Usukumani, vinginevyo sura ya mwisho angeichoma moto.

Mwandu na mwenzake Sayi hawakuhitaji kusomewa mara mbili. Mali iliyofukiwa walikuwa nayo: ng'ambo ya mto kuna mawe makubwa, na kila mlevi wa kijijini aliapa kwamba Mjerumani alificha dhahabu chini yake siku alipokimbia vita. Damu ya kiapo waliitoa vidoleni kwa mwiba. Chombo walikifunga kwa madumu matupu ya dawa ya pamba na kamba za maksai, mali ya baba yake Mwandu, mzee ambaye kamba zake alizipenda kuliko jamaa zake kadhaa. Shati Mwandu alilitundika kwenye kichaka ili lisilowe, maana alikuwa na moja.

Katikati ya mto chombo kilikumbuka kwamba kilikuwa madumu. Sayi alidaka mzizi, akarudi kwao, na kwa ajili ya kile kiapo akafunga mdomo kama mtu mwenye akili. Mwandu alitupwa ng'ambo, uchi, bila chombo, bila kamba. Mto haukumtisha tena. Alimwogopa baba. Wakapita watu wanaoswaga ng'ombe kuelekea ziwani, akafuata mikia. Walipofika Mwamanyili, mama mmoja aitwaye Felisita alimwona amekaa nje ya zizi anatetemeka. Akamwekea michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye bakuli, akasema, "Kula, mwanangu." Hakumuuliza kwao ni wapi. Mwandu akabaki hapo akichunga ng'ombe wa mama huyo.

Siku hizohizo, mto ukatoa mtoto. Alinasa kwenye matete, amevimba, uso umekwisha, kimo ni kilekile. Shati la Mwandu lilikuwa bado linapepea kichakani. Watu wakajumlisha, wakalia, wakazika.

Pamba ilipokwisha kuvunwa, Mwandu akazidiwa na hamu ya nyumbani. Njia nzima alifanya mazoezi ya kupigiwa makofi. Shangazi yake alikuwa uani anatwanga. Alimtazama, akatupa mchi, akaingia kwenye mihogo na hakuonekana hadi jioni. Mbwa tu ndio waliompokea kwa furaha, kwa sababu mbwa hawana elimu ya misukule.

Ninyi wa mbali mtasema, si wangemkumbatia tu? Mtu aliyezikwa akionekana anatembea, huku kwetu jibu moja hutangulia mengine yote: mchawi alimchukua, akaacha gogo lenye sura yake, na sasa amemwachia. Wazee wakamsimamisha katikati ya uwanja.

"Toa ulimi!"

Akautoa. Msukule hukatwa ulimi, kila mtu anajua. Ulimi ulikuwepo, mrefu kuliko ulivyohitajika.

"Mpeni chumvi."

Akailamba. Msukule hawezi kulamba chumvi. Watu wakapumua, lakini hawakusogea.

Mganga akaitwa, akatoa hukumu ambayo hata katekista hakuipinga: aliyetoka mlangoni akiwa maiti haingii tena kwa mlango huo. Ukuta wa nyuma ukatobolewa, mtoto akapitishwa kwenye tundu kichwa kwanza, akanyolewa, akaogeshwa. Na jina? Jina lilikuwa limeshazikwa. Kulifukua ni kumfukua mwenyewe. Basi kanisani akabatizwa Method, na Mwandu akaachiwa udongo.

Mama yake alimpokea upande wa ndani wa tundu. Alimshika kisogo, akakishika kwa muda mrefu, akasema, "Karibu, baba." Tangu siku hiyo hakumwita tena Mwandu. Alimpikia, alimsomesha hadi fedha zilipokoma, alimwozesha. Lakini jina lile alilitoa Jumamosi tu, nyuma ya nyumba, akiwa na fagio. "Mwandu wangu, umeamkaje?" Method akiwa jikoni aliisikia sauti hiyo, mguu ukaondoka wenyewe kwenda kuitika, akaukamata.

Huo ndio ugonjwa wake hadi leo. Usingizini huja mtoto aliyevimba, amevaa shati lake, anasimama kwenye lile tundu la ukuta lililozibwa zamani. Haombi kitu, anatazama tu. Method huamka amelowa jasho, na kinachomuuma si woga, ni wivu. Anamwonea wivu marehemu, naye marehemu ni yeye. Amekwisha kuota mvi akingoja kitu kimoja ambacho mtoto wa jirani hupata bure mara kumi kwa siku: mama yake amwite jina lake.

Mwaka huu mama amedhoofika. Macho yameingia ukungu, uji hamalizi. Na mwaka huuhuu barabara ikataka kupanuliwa. Msimamizi wake, kijana mmoja aitwaye Danford, mwenye kofia ngumu na haraka nyingi, akapita akipiga X nyekundu kwenye vibanda, kwenye choo cha jirani, na kwenye msalaba.

"Mzee, kaburi hili lihamishwe. Nani mwenye marehemu?"

"Mimi."

"Pole. Alikuwa nani wako?"

"Mimi."

"Nimesikia wewe ndiye mwenyewe. Nauliza marehemu."

"Ndiyo hivyo. Mimi."

Danford alimtazama, akaitazama chupa ya maji aliyoishika, akainywa yote.

Method hakulala. Alikuwa ameiona nafasi. Kaburi likihamishwa, mifupa ipelekwe makaburi ya mji bila jina, hata hivyo haikuwahi kuwa nalo, na yeye arudi kuwa Mwandu kabla mama hajaondoka. Asubuhi akaenda kwa mama, akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu." Umeamkaje, mama.

"Mwangaluka, Method. Keti."

Akamweleza yote. Mama alisikiliza akitafuna kitu kisichokuwepo mdomoni.

"Yule si mimi, mayu. Unajua si mimi."

"Nilijua siku ileile."

Method akadhani hakusikia vizuri.

"Wewe ulikuwa na kovu la mbwa mguuni. Mimi ndiye niliyemwosha yule. Miguu yake ilikuwa mizima."

"Ulijua? Na ukanililia?"

"Nilimlilia yeye. Ningesema si wangu, wangemsukumia shimoni palepale kwenye matete kama ndama aliyekufa. Hakuna aliyekuja kumuulizia. Wewe sikujua uko wapi. Nikasema, nikimlaza huyu kama wangu, pengine na wangu huko aliko yuko mwanamke atakayemwambia kula, mwanangu."

Nje lori la kokoto lilipita, vyombo vikatetemeka. Method aliliona tena akilini lile bakuli la michembe, na mkono wa Felisita umelishika. Hakuwahi kumsimulia mama maneno yale.

"Niliporudi, mbona hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba nimewapa watu uongo kaburini? Na jina nilikuwa nimeshampa." Akamtafuta kwa mkono, akapata goti lake. "Wewe una mke. Una pampu zako, unagombana na watu sokoni, unaonekana. Yule ana jina tu. Ukilichukua atabaki na nini?"

"Na mimi, mayu?"

Mama akauondoa mkono gotini, akajilaza. Alikuwa amechoka.

Siku ya kuhamisha, bwana afya alikuja na glovu na marashi, Danford na greda lake likinguruma barabarani. Mifupa ilikuwa midogo. Ilienea kwenye sanduku ambalo Method alilibeba peke yake mikononi, na Sayi, sasa mzee mwenye kitambi, alilia kwa sauti bila kuona aibu. Ikabaki desturi moja. Mfu haondoki mahali bila kuitwa na wa kwake, na akiitwa, mwingine yeyote asiitike. Aliye hai akiitika, amelichukua jina. Mfu hubaki shimoni peke yake, barabara ipite juu yake.

Method alilijua hilo. Alikuwa amelifikiria usiku kucha. Neno moja tu, "Mayu!", lingetosha.

Specioza alimsimamisha mama kando ya shimo. Danford akalizima greda mwenyewe, bila kuambiwa. Mama akaelekeza uso wake wenye ukungu, si shimoni, bali pale aliposikia pumzi ya anayebeba.

"Mwandu," akaita. "Mwandu wangu. Twende."

Sauti ilikuwa ileile ya uani, ya kuitia wali uliokwisha kuiva. Koo la Method lilifunguka. Sayi alimwona, akaacha kulia. Sanduku lilikuwa jepesi mno, kama limebeba shati tu.

Method akauma mdomo. Akainua mguu, akatembea.

Mama aliita njia nzima. Aliita kwenye mtaro, aliita kwenye njia panda, aliita walipopita magunia ya pamba na watu wakasimama. Kila alipoita, mabega ya Method yalishtuka, na kila yaliposhtuka alipiga hatua nyingine. Walipofika kwenye shimo jipya mama aliita mara ya mwisho, akanyamaza, akainamisha sikio kama mtu anayengoja jibu kutoka chumba cha pili.

Method akaliteremsha sanduku. Kisha mama akatikisa kichwa polepole kwa kukubali, kama aliyeitikiwa.