Mgeni Asiyeweza Kutulia

Mwezi uliopita nililala hotelini Eldoret, mjini kwetu, mwendo mfupi tu kutoka kitanda changu mwenyewe. Ilikuwa semina ya kazi, na waliotuita walitaka sote tuwe chini ya paa moja. Dada wa mapokezi alinipokea begi, akanifungulia mlango, akanionyesha birika la umeme, taulo mbili na swichi ya maji moto. "Jisikie nyumbani, madam," akasema, akaenda zake. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, viatu bado miguuni. Dakika tano hazikuisha nikawa nimesimama. Nikazikunja upya taulo zilizokwisha kukunjwa. Nikafuta meza isiyo na vumbi. Nilipojikuta naosha kikombe ambacho sijakinywea, nikacheka peke yangu, maana nilimtambua anayefanya hayo. Hakuwa mimi. Alikuwa mama yangu, kule Ujapani, mwaka nilipokuwa na miaka tisa.

Ndiyo, rafiki yangu, Ujapani. Sijawahi kukusimulia vizuri.

Baba alikuwa mkimbiaji. Kwetu Kapseret, nje kidogo ya Eldoret, hilo si jambo la kutangaza. Kila boma lina mtu anayekimbia, aliyewahi kukimbia, au anayesema angekimbia kama si goti. Yeye alichukuliwa na kampuni moja ya huko akakimbilie timu yao, na kwa miaka miwili tulimjua kwa sauti tu. Kila Jumapili baada ya kanisa tulienda kwa mwalimu, jirani yetu mwenye simu, tukasimama foleni: Mama, kogo yetu aliyemzaa Baba, kisha mimi. Nyuma yetu walisimama wengine wasio na haja ya kusimama hapo, wakisikiliza. Baba aliulizia mvua, akaulizia ng'ombe, akasema mguu ulimuuma kidogo lakini unaendelea vizuri. Ndege zikishuka kuelekea uwanja wa ndege ulio karibu nasi, nilikuwa nazikimbilia hadi kwenye ua, nikidhani siku moja, moja ya hizo itamtupa kwetu kama gunia la posta.

Mwaka huo shule zilipofungwa Desemba, kocha wake alituma habari kwamba tutasafiri sisi. Baba alikuwa anapelekwa milimani, kwenye nyumba ya wageni yenye maji ya moto yanayotoka ardhini, akakande kisigino, na familia yake ingekuwa naye kwa wiki moja. Kogo alikubali kubaki na ng'ombe wanne, ingawa alituonya kwamba yule mwekundu humpiga teke mtu asiyemjua. Mama alifunga unga wa mahindi kwa karatasi tatu, akauweka katikati ya nguo zake. Sijui alidhani nchi nzima ile hula nini.

Ile nyumba naiona hata sasa. Ilikuwa ya mbao nyeusi, imejibanza ubavuni mwa mlima, na moshi mweupe ulitoka kwenye mtaro ulio kando ya barabara kana kwamba kuna mtu anapika chini ya ardhi. Hewa ilinuka yai lililochemka. Mlangoni tulipokelewa na mwenye nyumba, mama mzee mfupi, mgongo umepinda kidogo, nywele zimefungwa kisogoni. Alipiga magoti. Mtu mzima, mzee kuliko kogo, alipiga magoti mbele yetu, akavipokea viatu vyetu vyenye vumbi la Kapseret, akavigeuza vitazame nje, tayari kwa safari ya kurudi.

Mama alimshika Baba mkono. "Mwambie ainuke. Mwambie tafadhali ainuke."

"Ndiyo heshima ya hapa," Baba akasema.

"Heshima gani hii? Mimi ndiye mdogo."

Tangu dakika hiyo Mama hakupata raha. Chumba chetu kilitandikwa mikeka minene yenye harufu ya nyasi kavu. Tulipewa majoho ya pamba, ya rangi ya bluu, na tukaambiwa tukae. Kukaa! Mama ambaye nyumbani alianza kukamua kabla ya jogoo wa pili, ambaye chai aliinywa amesimama, kikombe mkono mmoja, mwiko mkono wa pili. Chakula kililetwa kwa sinia zenye vibakuli kumi na zaidi, kila kimoja na kitu cha kuumwa mara mbili: samaki mdogo mwenye kichwa chake, kachumbari ya chumvi, mchele unaoshikana, supu yenye majani ya baharini. Asubuhi kulikuwa na yai bichi. Mama aliligeuzageuza, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nadhani wamesahau kuliweka motoni.

Tukitoka kutembea kidogo, tulirudi tukakuta magodoro yamekunjwa na kuwekwa kabatini, chai iko mezani. Mama aliyatoa magodoro akayakunja upya kwa namna yake. Alitafuta fagio hadi nyuma ya kabati. Alisimama dirishani akatazama theluji, akaketi, akasimama tena. "Ng'ombe mwekundu," alisema.

Na lile bafu, hakutaka hata kulisikia. Huko watu huoga kwanza wakiwa wamekaa kwenye vigoda, wakajisugua hadi kucha, ndipo wakaingia kwenye bwawa la mawe, wanawake kwao, wanaume kwao, wote kama walivyozaliwa. Mama alisema yeye ataoga chumbani kwa karai. Mimi nilienda siku ya pili na mwenye nyumba. Nilikuta bibi wawili wamezama humo hadi shingoni, vitambaa vidogo kichwani. Walinisogezea nafasi wakazigusa nywele zangu zilizosukwa, wakacheka kwa furaha. Theluji iliniangukia usoni na mwili wangu wote ulikuwa ndani ya joto. Sijawahi tena kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja namna ile.

Siku ya tatu, baada ya kifungua kinywa, Mama aliinua sinia lote akatoka nalo. Tulimfuata kwa nyayo, mimi na Baba aliyekuwa akichechemea. Tukawakuta jikoni yeye na mwenye nyumba, kila mmoja ameshika upande wake wa sinia, wanavutana kwa adabu kubwa.

"Mwambie mimi si mgonjwa," Mama akamwambia Baba. "Mikono yangu inawasha."

Baba alisema maneno. Mwenye nyumba akajibu, akiinama.

"Anasema mgeni akifanya kazi, nyumba yake imeaibika."

"Basi mwambie kwetu mgeni ni siku mbili. Ya tatu anapewa jembe. Mimi leo nataka jembe langu."

Baba alitafuta maneno kwa muda mrefu, akaonyesha na kwa mikono namna watu wanavyolima. Yule mama mzee alimtazama, akamtazama Mama, kisha akaziba mdomo kwa kiganja na mabega yakaanza kumtikisika. Aliingia stoo akatoka na visu viwili vidogo na figili nyeupe ndefu kama mkono wa mtu mzima, rundo zima. Akaweka mito miwili sakafuni. Mama alikaa. Nakwambia alikaa vizuri kwa mara ya kwanza tangu tuteremke kwenye ndege. Wakamenya, na hawakuwa na neno hata moja la kuelewana. Mmoja akikata nene, mwingine alimwonyesha nyembamba. Mama alipoleta unga wake akasonga ugali katika sufuria ya supu, mwenye nyumba alionja, akafumba macho, akaonja tena kwa heshima, akaacha.

Kama siku ile ingeishia hapo, ningekusimulia hadithi ya kuchekesha.

Mwenye nyumba alikuwa akizungumza na Baba huku anamenya. Sauti yake ilikuwa ya kusikitika. Alitazama kisigino cha Baba, akatikisa kichwa, kisha akaweka kisu chini na kukutanisha mikono yake miwili mbele ya kifua, umbo la msalaba uliolala. Hata mtoto angeelewa. Ilimaanisha hapana. Imekwisha.

"Amesema nini?" Mama akauliza.

"Anasema baridi itaongezeka."

"Baridi iko mguuni mwako?"

Mama akahamia lugha yetu ya nyumbani, kana kwamba yule mzee angeelewa Kiswahili. "Amesema nini juu ya mguu?"

Ndipo ikatoka. Mshipa wa kisigino ulikuwa umekatika, ukashonwa, ukakatika tena. Daktari alikuwa ameshasema hatakimbia. Kocha alimwambia mwenye nyumba kwa simu kwamba wiki hii ni ya kumuaga, ndiyo maana tuliitwa. Yule mama alidhani sisi tunajua. Alikuwa akitupa pole.

"Umejua tangu lini?" Mama akauliza.

"Tangu mwezi wa tisa."

"Na kila Jumapili unaniambia unaendelea vizuri."

"Ningesema nini? Kwa simu ya mwalimu, na watu wote wamesimama hapo?"

Mama aliweka kisu chini taratibu. Akainuka, akachukua viatu vyake pale mlangoni vilipokuwa vikitazama nje, akatoka na joho lile la pamba katikati ya theluji. Baba alimfuata bila koti, akijikokota. Nilitaka kukimbia nyuma yao lakini mwenye nyumba alinishika bega. Hakunikemea wala hakunibembeleza. Alinipa kisu cha Mama na figili iliyobaki.

Sijui kama umewahi kuwa mtoto anayesubiri wazazi waamue. Nilimenya hadi figili ikawa nyembamba kama penseli. Niliwaza kwamba Mama atatembea hadi uwanja wa ndege, arudi kwa ng'ombe wake, aniache huku na mtu asiyeweza kutembea. Niliwaza Baba atabaki huku kwa aibu, awe sauti ya Jumapili milele. Maji yalichemka jikoni, mwenye nyumba akayaepua, yakapoa, akayarudisha motoni. Kila mara alipopita alinigusa kichwani kwa vidole viwili.

Walirudi wakiwa weupe kwa theluji. Mama alikuwa amemshika Baba kwapani, wala si kwa mahaba. Alimshika kama unavyomshika ndama anayejifunza kusimama. Macho ya Baba yalikuwa mekundu. Mama alifuta theluji kwenye kilemba chake akamtazama mwenye nyumba.

"Hayo maji yako wapi?"

Tuliingia sisi watatu, Mama, mimi na mwenye nyumba. Mama alijisugua, mgongo ukielekea ukutani, akaniamuru nisitazame, kisha akashuka ndani ya bwawa akilalamika kila ngazi. Maji yalipomfika shingoni alinyamaza. Mwenye nyumba akamweka kitambaa kichwani. Nilimwona mama yangu akilia bila kufuta uso, maana uso wote ulikuwa umelowa tayari, na mtu angeweza kusema ni mvuke.

"Hata ng'ombe akizaa hupewa maji ya moto," akasema baada ya muda. Kisha, "Haya, imetosha," akatoka.

Baba alirudi Kapseret kabla mahindi hayajapandwa. Wapo waliosema amerudi mikono mitupu, na walisema kwa sauti ya kusikika. Alianza kukusanya maziwa ya majirani kwa pikapu, kutoka kwetu hadi mjini, na hakukimbia tena hata mvua ikimkuta shambani. Nilimwona mara moja tu amesimama kando ya barabara, vijana wa mazoezi wakipita, midomo yake ikihesabu hatua zao. Alitutoka mwaka juzi, baada ya ugonjwa mfupi.

Kogo naye alitangulia zamani. Shamba letu la malisho limekatwa vipande, na mahali ng'ombe mwekundu alipokuwa akimpiga teke kila mgeni pana ukuta wa mawe na lango la chuma. Nilitafuta ile nyumba ya mlimani kwenye mtandao. Nilipata picha moja: paa limeinama, mitambaazi imefunika mlango. Mtaro wa kando ya barabara bado unatoa moshi. Maji yanaendelea kutoka, hayana habari kwamba hakuna mtu wa kuyaingia.

Semina ilipoisha nilipitia kwa Mama kabla ya kwenda kwangu. Nilimkuta uani anachambua mboga, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo nikathubutu kumuuliza waliambiana nini siku ile kwenye theluji.

"Alisema anaogopa nitamwonea aibu," akasema, hakuinua macho. "Nikamwambia niko na ng'ombe wanne wa kukamua asubuhi na jioni, hiyo nafasi ya aibu nitaitoa wapi?"

"Ni hayo tu?"

Aliondoa majani mabaya, akayatupa kando.

"Akaniuliza kama bado iko kazi ya mtu kama yeye hapa nyumbani. Nikamwambia iko, iko nyingi, tena imechelewa. Akacheka. Ndipo tukarudi."