Fundi Asiyepanda

Fundi baiskeli aliye mkabala na duka langu hapandi baiskeli akishaitengeneza. Huipindua kiti chini, huzungusha gurudumu kwa kidole kimoja, kisha huinamisha sikio kama anayenong'onezwa siri. Spoku ikilegea, huijua kwa mlio. Vidole vyake vimepinda kama spana alizoanza kuzishika siku babake alipomwachia kibanda na wadogo watano wa kulea. Wateja husema huko kutopanda ndiko kilele cha ufundi. Nami niliamini hivyo miaka ishirini.

Asubuhi moja, mvi zimeshamjaa kichwa kizima, alivuka barabara akanijia. "Jirani, njoo unishikie kiti. Sijui kupanda."

Nilidhani ananitania. Mdogo wake wa mwisho, mama mtu mzima aliyekuwa amemletea chai, akatua chupa chini. "Kaka, ujana ulishakupita. Achana nao."

"Ulinipita, ndiyo," alijibu taratibu. "Tena kwa baiskeli nilizotengeneza mimi."

Dada akaja kushika upande wa pili. Fundi alianguka mara tatu. Mara ya nne tulikimbia naye hadi pumzi zikatuishia, tukamwachia, naye akaenda, mabega yamekakamaa, sikio limeinamia gurudumu, hadi mwisho wa mtaa na kurudi. Watu walimpisha bila kuambiwa. Sisi wawili tulisimama tu, mikono bado imenyooka mbele.

Aliposhuka, aliipindua baiskeli akatafuta spana.

"Breki ya nyuma inalia," akasema. "Na mlio wenyewe hausikiki mpaka uipande."