Mukendi, jibu lako la jante hili hapa

Tangu jana asubuhi naambiwa Mukendi hayupo, na bado nashika simu nimwandikie. Akili imekataa, jamani.

Sikai. Nimetoka uani, nimerudi jikoni, nimefungua atelye, karakana yangu, nimeifunga tena bila kumhudumia mtu. Wateja wangu wa baiskeli hapa Kolwezi, mnisamehe leo.

Kwa wasiomjua: Mukendi ndiye aliyenifundisha trial, ule mchezo wa kuruka na baiskeli juu ya mawe bila kukanyaga chini. Wengi mnanifuata hapa kwa ajili ya zile video. Kila mnachokipenda humo ni chake.

Tulizaliwa wote Musonoi, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi hapa Kolwezi, nyumba zetu zikitazamana. Baba zetu walikuwa zamu moja mgodini. Wao asili yao Kasai, sisi wa hapa hapa Katanga. Enzi hizo hilo lilikuwa la kutaniana tu.

Baiskeli ilikuwa moja, vichwa viwili. Tulibishana miezi juu ya jante ya nyuma, ile duara inayobeba tairi. Mimi nilitaka ya chuma, haipindi hata ukiangukia mwamba. Yeye alitaka ya alumini, pana, tena aikwaruze kwa jiwe mpaka ishike.

"Jante ya nguvu haina kazi kama breki haishikake," aliniambia.

Nilimwona mjuaji. Nilishinda kwa sababu ya chuma ndiyo tuliyokuwa nayo.

Raba za breki tulizikata kwenye mikanda ya kubebea mawe. Mgodi ulikuwa umeanza kufa, mikanda imesimama, watu wanaikata washone soli za viatu. Sisi tukakata breki. Mukendi alizipima kwa kucha: laini inashika lakini inaisha upesi, ngumu inadumu lakini inateleza. Alichagua laini kila mara.

Halafu ile sikukuu ya parokia. Mama yangu, kwa upendo wake, aliipangusa jante yote kwa mafuta ya mawese ing'ae mbele ya watu, kama alivyopaka majembe yasishike kutu. Mukendi akapanda jiwe la kwanza, akabana breki, baiskeli ikaendelea na safari yake. Jino lake la mbele lilibaki pale pale. Mama alipomuuliza, akasema ni haraka zake mwenyewe. Mama amekufa hajui.

Nilicheka mpaka nikalia. Kisha nikakubali alumini.

Tulipoipata aliikwaruza siku tatu, vidole vimechubuka. Ilishika! Breki ilipiga kelele mtaa mzima, na yeye akasimama kwa gurudumu la nyuma juu ya mawe ya mgodi wa Mashamba kama mtu anayesubiri chai.

Hazijapita mvua mbili, wakubwa wa jimbo wakaanza kuwafukuza watu wa Kasai, ati warudi kwao. Vijana niliosoma nao walipita nyumba kwa nyumba. Familia ya Mukendi ilikaa wiki nyingi stesheni, chini ya turubai, ikisubiri treni. Nilipompelekea muhogo wa mama nilikuta ameshayafungua magurudumu ya baiskeli.

"Ya nyuma ibakie kwako," alisema. "Mi naenda na ya mbele. Siku moja tutaunganisha."

Sasa niseme lile gumu. Treni ilipoondoka, baba yangu akapewa na mgodi nyumba yao, iliyokuwa kubwa kuliko yetu. Baba hakukataa, wala mimi sikukataa. Tulivuka barabara na magodoro kichwani. Nimeoa humu, nimezaa humu. Hapa ninapoandika ni jikoni kwa mama yake Mukendi.

Miaka ikapita, tukapatana mtandaoni, yeye yuko Mbuji-Mayi, huko Kasai. Tuliongea jante, raba, tairi, kila juma. Akiuliza nakaa wapi, nasema Musonoi. Si uongo, lakini nilikuwa mwoga. Hata gurudumu letu nililificha atelye chini ya meza.

Mwezi uliopita alinitumia picha za jante mbili. Anamjengea binti yake, Ngalula, baiskeli ya trial. Jante moja nyembamba na nzito, nyingine pana yenye matundu. Raba pia za aina mbili. Nimchagulie, na nikishachagua atakuja Kolwezi, mara ya kwanza tangu stesheni ile, amwonyeshe mtoto gurudumu letu la zamani.

Nilijua jibu palepale. Sikulituma. Nikijibu, anakuja. Akija, atabisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe.

Nikamwambia bado napima. Kesho. Kesho kutwa.

Juma lililopita akaandika: "Ilunga, kama ule musumari nyuma ya mulango ya jiko iko bado, tundika jante pale nilikuwaka naitundika. Nilisha kujua tangu zamani. Nyumba haifae kubakia bila batu."

Nilisoma nimesimama. Nikataka kumjibu kwa maneno mazuri, yanayomfaa. Siku nne natafuta maneno. Jana Ngalula akapiga: baba ameanguka sokoni, moyo umesimama.

Maneno mazuri ya nini sasa?

Haya, Mukendi, mbele ya watu wote. Ile pana, yenye matundu. Ikwaruzwe kwa jiwe. Raba laini. Ulikuwa sawa tangu mwanzo, na mimi nilikukosea, nisamehe.

Msumari upo. Gurudumu nimelitundika leo asubuhi, na kila nikipita nalizungusha.

Ngalula, mwanangu, njoo ulichukue. Usibishe hodi, ingia.

Na wewe, ndugu yangu, lala salama huko Mbuji-Mayi. Kwenu ni hapa.