Taruma la Hamsini na Mbili

Baba alikuwa akipima kila kitu kwa mataruma. Mtu mwingine atakwambia duka liko hapo mbele kidogo. Yeye alikwambia liko mataruma mia mbili, na ukienda kuhesabu unakuta hajakosea. Alifanya kazi kwenye gengi ya reli, wale wanaume waliotembea njiani kutwa nzima na nyundo na spana ndefu, wakikaza kilicholegea. Taruma ni kile chuma kinacholala kwa upana chini ya reli kuishikilia. Baba aliyahesabu akienda na akayahesabu akirudi, na akifika nyumbani midomo yake ilikuwa bado inacheza.

Tulikaa landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, katika mji huu unaoufikia ukishuka kutoka Kasikeu. Leo nikisema stesheni ilikuwa na watu, vijana wa bodaboda wananiangalia tu. Treni mpya inapita juu ya madaraja yake huko, haina habari na sisi. Ile ya zamani hupita na mizigo siku inayojisikia. Na ile reli ya pembeni, fupi, iliyoingia hadi kwenye maghala ili mabehewa yapakiwe, hiyo ilisahaulika kabisa. Vyuma virefu viliondoka kwanza, usiniulize vilienda wapi. Mataruma yakabaki chini, nyasi zikayafunika.

Mimi ndiye niliyeyang'oa. Nalisema mapema ili usije ukanihurumia bure.

Baba alipofariki, Mwaitu alibaki peke yake kwenye shamba letu la Kilungu. Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, akawa anajikwaa kwenye mawe aliyoyajua miaka yote. Nikamleta kwangu. Nilitaka apate maziwa ya mbuzi kila siku, lakini boma langu la mbuzi lilikuwa limeliwa na mchwa. Ukiegemea nguzo, unaanguka nayo. Nikakodi mkokoteni wa punda, nikaenda kwenye ile reli ya pembeni na jembe na mtaimbo, nikang'oa mataruma siku mbili. Mikono ilitoka malengelenge. Niliyasimika kuzunguka boma, na nikajisifu kwa kila jirani aliyepita kwamba huyo mchwa sasa aje tuone.

Moja lilikuwa na mikato mitatu ya tindo ukingoni. Niliiona nilipokuwa nalisugua udongo. Nikadhani ni alama za gengi. Kwa kuwa lilikuwa limenyooka kuliko mengine, nililiweka langoni, na hapo ndipo nilipomfunga mbuzi wa kukamwa kila asubuhi. Mwaitu naye alipapenda. Aliweka kigoda chake hapo, akaegemeza mgongo kwenye chuma, akapukuchua mbaazi zake huku akinisema kwamba napika chakula bila chumvi.

Miaka ilipita hivyo. Mwaka huu, baada ya Krismasi, alianza kukohoa na hakuacha. Tulipotoka hospitali aliniambia nikae chini.

"Nikifa mtanipeleka Kilungu kwa baba yako," alisema. "Lakini nataka nizikwe na udongo wa mtoto wangu."

Nikamuuliza mtoto gani. Kwetu tuko watatu, na sote tuko hai. Mimi ndiye kifungua mimba, msichana wa kwanza, ndiyo maana nikapewa jina la nyanya mzaa baba kama desturi yetu ilivyo. Wadogo zangu ni wanaume.

Ndipo akaniambia. Kabla yangu kulikuwa na mtoto wa kike. Aliishi miezi mitatu, homa ikamchukua kwa usiku mmoja. Kilungu ilikuwa mbali na kulikuwa na mvua, barabara imekatika, na baba hakupewa ruhusa. Walimzika kando ya ile reli ya pembeni, kwenye ardhi isiyo yetu, bila jiwe, kwa sababu jiwe lingeondolewa. Mkamba kuacha mtoto wake kwenye ardhi ya watu ni jambo la aibu na uchungu, na hawakulitaja tena. Baba aliapa kwamba siku moja atamrudisha nyumbani.

"Unahesabu kutoka mwisho wa reli, pale mabehewa yalipokuwa yanagonga," Mwaitu alisema. Alisema haraka, kama mtu anayesoma kitu alichokariri. "Taruma la hamsini na mbili. Baba yako alilikata mara tatu kwa tindo, mkato mmoja kwa kila mwezi. Ukisimama juu yake, elekea vilima vya Kilungu, hatua tano. Ni hapo."

Nilichukua jembe na kopo tupu la mafuta ya kupikia nikatoka, na nilipopita lango la boma sikuangalia pembeni.

Huko hakuna kitu. Greda lilisawazisha pote, sasa malori yanaegeshwa hapo na watu wanayaosha. Mwisho wa reli ulikuwa wapi? Kwenye kibanda cha chipsi, au kule kwa mwenye matairi? Nilipiga hatua kutoka hapa, nikapiga kutoka pale, nikiangalia vilima vya Kilungu, ambavyo vilikuwa vinaonekana vizuri tu. Kijana mmoja aliyekuwa akiosha lori aliniuliza, mama, umepoteza nini? Nikamfokea, maskini, na hakuwa amenikosea. Kama ningeyaacha mataruma chini, hata greda lingeyasukuma, labda ningepata moja la kuanzia. Sikuacha hata moja. Niling'oa yote kwa sababu nilitaka boma zuri.

Nikachota udongo wowote. Nilikuwa nimeamua kumdanganya, na sitajitetea.

Mwaitu alikuwa amekaa kwenye kigoda chake. Alilipakata kopo, akatia vidole, akaunusa ule udongo kwa muda mrefu.

"Unanuka dizeli," alisema. "Taruma uliliona?"

"Nililiona."

"Mikato uliishika?"

Hapo ndipo niliposhindwa. Nililia kama mtoto, mtu mzima mwenye wajukuu, nikamwambia yote: mkokoteni, mtaimbo, mchwa, lori, kila kitu. Nilimshika mkono nikaupeleka nyuma ya bega lake, kwenye chuma alichokuwa amekiegemea, nikaweka vidole vyake kwenye ile mikato. Aliihesabu. Akaihesabu tena.

"Umekuwa ukifunga mbuzi hapa?"

"Ndiyo, Mwaitu."

Nilingoja anitukane. Ningefurahi angenitukana. Aliweka kiganja chote juu ya mikato, akainamisha kichwa, akaita jina langu polepole.

"Niko hapa, Mwaitu," nikasema.

"Si wewe naita."

Alikaa hapo hadi mbaazi zikapoa ndani ya sufuria. Mimi nilikuwa nimemfungua mbuzi, nimesimama na kamba yake mkononi. Maisha yangu yote, kila aliponiita nije kula, kila aliponiita nioge, nilijua ananiita mimi.

Pasta wa kanisa letu alikuja kutuombea, akasema kwa Mungu udongo ni udongo, asihangaike. Alisema kwa nia njema. Mwaitu alimjibu amina, na pasta alipotoka akaniambia nimwage lile kopo.

Tulimzika Kilungu mwezi wa nne, kando ya baba, bila udongo wowote isipokuwa wa pale. Lakini nilikuwa nimeling'oa taruma la langoni, nikaliogesha kwa sabuni na maji moto hadi harufu ya mbuzi ikatoka, tukalipandisha kwa pikapu pamoja na jeneza. Wadogo zangu walilisimika miguuni pake. Baada ya maombi wanawake wa kanisa wakaniuliza kile chuma ni cha nani. Nikawatajia jina langu. Waliangaliana, mmoja akanishika mkono akaniambia nikae kivulini, msiba umenichosha. Nikakaa.