Posa ya Ilagala na Swichi ya Gia

Huku kwetu Kigoma hatuoshei gari nyumbani ilhali ziwa lipo. Unalishusha ufukweni Kibirizi kinyumenyume mpaka magurudumu yazame nusu, unakunja suruali, unasugua. Nimesoma chuo kikuu, nikafaulu, na sikumbuki mhadhara hata mmoja ulionionyesha ubaya wa jambo hilo. Kwa hiyo, siku moja kabla ya kwenda Ilagala kumposea mpwa wangu, nililiosha gari kuliko kawaida, na katika raha ya kusugua nikalirudisha nyuma hatua mbili zaidi.

Mshenga nilikuwa mimi. Mara ya kwanza tulichelewa, tukakuta wazee wa binti wameshatawanyika. Ujumbe uliotufuata ulikuwa mfupi: njooni Jumamosi kabla ya adhuhuri, au msije tena.

Jumamosi asubuhi, nyumbani Katubuka, dada yangu, mama wa kijana, alishakaa kiti cha nyuma na kanga zake mpya. Nikazungusha ufunguo. Taa za dashibodi ziliwaka, redio ikaendelea na habari zake, injini haikushtuka.

"Betri," nikasema.

Dada akanyoosha mkono, akabonyeza honi. Ililia mtaa mzima. "Hii ndiyo betri iliyokufa?"

Nikafungua simu, nikasoma dakika kumi, nikatangaza kwamba giaboksi imekufa.

"Basi mpigie baba wa binti umwambie giaboksi imekufa. Atahuzunika sana." Magari ya abiria ya Ilagala yalishaondoka alfajiri.

Nikampigia fundi umeme wa magari, mama wa makamo mwenye gereji karibu na soko la Mwanga. Alikuja na bodaboda, begi begani.

"Mwakeye, Mwalimu. Tatizo nini?"

"Giaboksi."

"Imekwambia yenyewe?"

Akakaa kwenye usukani, akanituma nyuma ya gari. Gia ikiwa kwenye P, ya kuegesha, dashibodi haikuonyesha herufi yoyote. Akaivuta mpaka R.

"Taa nyeupe ya kurudi nyuma imewaka?"

"Hapana."

Akaiweka N, gia huru. "Na sasa?"

"Imewaka."

"Gari lako halijui liko wapi, Mwalimu. Wewe umeliegesha, lenyewe linadhani liko safarini. Na likidhani hivyo haliwezi kukubali kuwaka, maana lingeruka na watu."

Ubavuni mwa giaboksi, akanieleza, kuna swichi inayoliambia gari gia iko wapi. Kwanza alitazama kama kebo ya gia inafika mahali pake; inafika. Kisha akachomoa soketi ya swichi. Likadondoka tone la maji. Pini mbili zilikuwa na kutu ya kijani.

"Unaoshea wapi?"

"Kibirizi."

"Maji mpaka wapi?"

Nikasema ziwa lilikuwa na mawimbi.

"Hii kutu si ya jana. Mawimbi hayo yana miaka."

Kiti cha nyuma kilicheka, nami nilijua ni nani.

Alikausha, akasugua pini kwa brashi, akapima swichi kwa mita yake. Kwenye N mita ililia. Kwenye P ilikaa kimya.

"P imeshaliwa. Swichi mpya itatoka Dar. Leo washa kwenye N, breki ya mkono juu, mguu kwenye breki. Likigoma, tikisa gia kidogo."

"Litawaka kila mara?"

"Nimekwambia tikisa. Zaidi ya hapo uombe dua."

Liliwaka kwa mtikiso wa tatu. Tulifika Ilagala robo saa kabla ya adhuhuri, na sikuthubutu kulizima. Nikaliacha likinguruma uani, nikaingia, nikaamkia wazee, nikaanza maneno ya posa. Baba wa binti akainua mkono.

"Mshenga, gari lako linawaka."

"Ndiyo, mzee."

"Juzi mlichelewa. Leo mmekuja mguu mmoja uko nje. Binti yetu ni mzigo wa kupakia mkaondoka?"

Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye methali tatu. Niliiacha. Nikawaeleza habari za Kibirizi, maji, kutu, na gari lisilojua liko wapi. Wazee walisikiliza kwa makini kuliko nilivyowahi kusikilizwa darasani. Mmoja akataka kujua kama niliingiza gari mpaka kwenye tope, na nikakiri.

"Kazime," akasema baba wa binti. "Likikataa kuwaka mtalala hapa, tutawajua vizuri."

Nikatoka, nikashika ufunguo kwa muda, nikazima. Niliporudi, dada alishavua viatu na kukunja miguu kwenye mkeka kama mtu asiye na safari, na baba wa binti alikuwa akimuuliza habari za kijana: anafanya kazi gani, anaswali wapi, na kama naye huosha magari. Dada akaapa kwamba mwanawe hana gari. Hilo, nadhani, ndilo lililotupatia mke.