Salamu Zilizobaki Kwenye Diski

Ijumaa ile tulikuwa watu watano katika ofisi ya kupiga chapa, pale Migori, nyuma ya soko. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, amejifunika leso mbili ingawa mabati yalikuwa yanawaka joto. Mdogo wetu wa mwisho, msichana wa miaka mitano, alikuwa magotini pake. Mwenye ofisi, mwanamke Mkisii aliyeshika dini ya Sabato kwa moyo wake wote, alikuwa akipanga karatasi na kutazama jua mlangoni. Mzee mmoja Mkuria kutoka Ntimaru alikuwa anangoja wasifu wa marehemu ndugu yake. Wa tano ni mimi, mzaliwa wa kwanza, niliyeacha shule kidato cha pili baba alipofariki. Mimi ndiye niliyekaa mbele ya kompyuta.

Mwalimu aliyenifundisha mashine hiyo hakuwapo. Angekuwapo, nisingekuwa na mambo haya ya kuandika.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya kutupwa. Ilitoka katika ofisi fulani iliyonunua mpya, naye mwenye ofisi akaipata kwa bei ya mbuzi. Programu ambazo watu wengine walikuwa nazo mjini hazikuingia, zilikuwa nzito mno kwake. Mwalimu wa hesabu aliyekuwa akileta mitihani yake kuchapwa ndiye aliyesema kuna nyingine, inaitwa Linux, haiuzwi, mtu anaruhusiwa kuinakili na kumpa mwenzake. Alizileta disketi katika kasha la viatu. Tulizitia moja moja, na ya kumi na saba ikakataa. Mwalimu akasafiri mpaka Homa Bay kwa rafiki yake aliyezileta kutoka chuo kikuu, akanakili ile moja, akarudi siku ya pili.

Ilipowaka ilikuwa kioo cheusi na maandishi meupe, basi. Wateja walinicheka. "Hii kompyuta yako haina hata picha?" Lakini nilijifunza amri zake kama mtu anavyojifunza njia za shamba, kwa kupita kila siku. Nilijua kwamba faili yenye herufi kubwa si ile yenye herufi ndogo. Nilijua kwamba haizimwi kama redio: unaiamuru ipumzike, unangoja iseme imemaliza, ndipo unazima ukutani. Mwalimu alipohamishiwa shule karibu na kwao Kosele, ambako pia ni kwetu, aliniachia karatasi ya amri nikaibandika ukutani, na neno moja la mdomo: "Ikikuuliza jambo usilolielewa, usikubali."

Mama alikuwa ametoka hospitali mchana ule. Hawakumpa dawa, walimpa ruhusa ya kwenda nyumbani, na sote tulijua maana yake. Alipita ofisini akasema anataka kuandika barua kwa baba mdogo, ndugu ya marehemu baba, aliyekuwa akikaa bomani kwetu. Alijua kwamba akishazikwa, ukoo utakaa na kugawana watoto. Wavulana wawili, ndugu zetu wa katikati, hakuwa na hofu nao, wangebaki bomani. Aliyemhofia ni huyu wa magotini. Shangazi yetu, dada ya baba, aliyeolewa Ntimaru na hana binti, alikuwa ameshamwomba mara mbili.

"Andika," mama aliniambia kwa Kiluo. "Na uandike kama ninavyosema mimi. Usiandike kama karani."

Akaanza salamu. Mama alikuwa mtu wa salamu. Alimsalimu baba mdogo, na mguu wake uliokuwa ukimuuma. Alimsalimu mke wake mkubwa na mke wake mdogo, kila mmoja peke yake ili pasiwe na maneno. Alisalimu wavulana, jirani wa mashariki, jirani wa magharibi, mjane wa kisimani, mzee wa kanisa, ng'ombe aliyekaribia kuzaa. Amosou, amosou. Nawasalimu, nawasalimu. Alisimama kukohoa, akaendelea na salamu.

Mzee wa Ntimaru hakuelewa Kiluo. Aliniuliza kwa Kiswahili, "Binti, huyu mama anahesabu nini? Mbuzi?"

"Anasalimu watu, mzee."

"Wote hao? Basi mimi nitazikwa kesho kutwa nikingoja."

Mama akacheka. Alikuwa anakielewa Kiswahili vizuri kuliko alivyoonyesha. Ndipo akafikia lile neno. Alisema mtoto huyu asitengwe na dada yake. Alisema nimemlea tangu alipoacha kunyonya, na kwamba shangazi asikasirike, aje amtembelee. Alisema nimsomeshe mpaka pale mimi nilipoishia, kisha apite. Nikaandika yote, nikahifadhi.

Printa ilikuwa na karatasi za mzee, ndefu, zinatoka mstari kwa mstari kwa kelele. Mwenye ofisi akasema, "Yako utachapisha Jumapili, msichana wangu. Jua linaenda." Nikakubali. Mama alitaka kutoka nje, nikamshika mkono nikamwambia mwenye ofisi, "Nakuja kuilaza mashine." Nilikuwa uani, mama ameniegemea, niliposikia printa imenyamaza, na baada yake ule mlio mdogo wa swichi ya ukutani.

Hakufanya kwa ubaya. Jua lilikuwa limegusa mapaa, Sabato ilikuwa inaingia, na kwake kitu kinachonguruma ndani ya Sabato kilikuwa dhambi. Alizima kama anavyozima redio, akafunga mlango, akatuombea mama na mimi hapo hapo barazani, mkono wake juu ya kichwa cha mama.

Mama alifariki Jumamosi asubuhi, katika chumba chetu cha kupanga.

Jumapili nilikwenda ofisini kabla ya saa mbili. Mashine haikufunguka kama kawaida. Iliandika kwamba ina hitilafu, nikaikague mwenyewe. Nilifuata ile karatasi ya ukutani, na maswali yakaanza. Kiingereza chake hakikuwa cha shuleni. Nilichoambulia ni kwamba kuna kitu kisicho na kwao, je, kiunganishwe? Kingine hakina kwao, je, kiunganishwe? Nikakumbuka neno la mwalimu. Nikabonyeza hapana. Hapana. Hapana. Sijui mara ngapi. Mwisho ikafunguka, na faili ya mama haikuwamo.

Nilimwandikia mwalimu kijibarua, nikampa kondakta wa gari la Kosele.

Jumatatu baba mdogo na shangazi walikuja kupanga safari ya maiti. Niliwaambia mama ameacha barua kuhusu mtoto.

"Iko wapi?" baba mdogo aliuliza.

"Iko ndani ya kompyuta. Imefichika kidogo. Mwalimu anakuja."

Baba mdogo akasema, "Mimi nimekuja kuchukua maiti moja mochari. Sasa unaniambia mama yako mwingine amelala ndani ya mashine?"

Shangazi alisema, "Mwache, ana uchungu." Akampa mtoto ndizi.

Hela za jeneza zilikuwa hazijatimia, kwa hiyo Jumatatu hiyo na Jumanne nilifanya kazi. Nilichapa barua za mialiko, fomu, mitihani, kila kilichokuja. Niliandika pia wasifu wa mama. Wateja wangu wengi miaka ile walikuwa watu wa wasifu; nilikuwa na mtindo mmoja tayari, ninabadilisha jina na idadi ya watoto. Wa mama niliuandika upya kutoka mwanzo.

Mwalimu alifika Jumatano, viatu vina vumbi, amemwomba mwenzake amshikie darasa. Hakusema pole nyingi. Alivuta kiti akaniomba nimweleze nilichokijibu.

"Nilikataa yote. Ulisema nisikubali nisichokielewa."

Akafunga macho kidogo. "Nilisema hivyo. Kosa ni langu. Hapa ungepaswa kukubali." Kisha akasema kukataa kwangu hakukufuta kitu, vile vitu bado viko mahali fulani, vimekaa tu bila jina. Akairudisha mashine kwenye yale maswali, na sasa tukawa tunajibu ndiyo. Alinifundisha kwamba kuna chumba ndani ya diski kiitwacho Vilivyopotea na Kupatikana, na kila kitu kisicho na kwao hupelekwa humo. Majina yao hayarudi. Hupewa namba.

Vilikuwa arobaini na kitu. Tulivifungua kimoja kimoja. Kipande cha orodha ya bei ya mahindi. Nusu ya mtihani wa sayansi. Marehemu alizaliwa katika familia ya watoto tisa. Marehemu alipenda kuimba. Marehemu ameacha mjane. Nilizitambua sentensi zangu bila kutambua ni za nani. Mwalimu alikuwa akisoma kwa sauti ya chini, kisha akaacha kusoma kwa sauti.

Karibu na mwisho nikaona neno amosou.

Nilianza kulia kabla ya kusoma. Zilikuwa zote, salamu zote, mguu wa baba mdogo, wake wawili, majirani, mjane wa kisimani. Mwalimu akabonyeza ili tuendelee. Akafuata mzee wa kanisa, kisha ng'ombe, na katikati ya salamu ya ng'ombe, bila nafasi wala nukta, ikafuata: mnakaribishwa nyote kwenye harambee ya kuezeka kanisa letu mabati mapya.

Hiyo niliichapa mimi Jumatatu.

Mwalimu alinieleza polepole. Diski hukata maandishi vipande vipande. Kipande cha kwanza kilisalimika. Vile vingine mashine ilidhani ni mahali patupu, ikapatumia nilipoanza kazi. Nilikuwa nimeandika juu ya maneno ya mama kwa vidole vyangu.

"Mtoto yuko wapi humu?" aliuliza, akirudi mwanzo wa barua.

"Hayumo. Alikuwa amepakatwa. Mtu hasalimu aliye naye."

Akasogeza kiti nyuma. Kisha, "Lakini yaliyobaki unayajua."

"Nayajua."

Alisimama akasema anakwenda kutafuta chai na mandazi. Alikawia sana kwa mtu anayetafuta chai. Alikuwa ameniachia kibodi, na nilimwelewa. Nilifuta ile harambee. Niliandika sentensi moja ya mama, kuhusu mtoto. Nikaisoma. Ilikuwa kweli, lakini Kiluo kilikuwa changu, kifupi, kama cha karani. Nikafikiri jinsi baba mdogo angeniuliza mbele ya kaburi kama haya ni maneno ya mama, na nikaona mdomo wangu ukisema ndiyo. Nikaifuta. Mwalimu aliporudi alikuta salamu tu zinatoka kwenye printa. Akanipa andazi.

Sijui kama nilifanya vyema. Nimekuwa na miaka ya kufikiri, na bado sijui.

Tulimzika Jumamosi. Baada ya watu kupungua, ukoo ukakaa nyuma ya nyumba ya baba mdogo, nami nikampa karatasi. Aliisoma kwa sauti. Alipofika kwenye mguu wake akasita. Mke mkubwa alisikia jina lake akajifunika uso, mke mdogo vile vile. Mjane wa kisimani alikuwa amesimama mbali, wakamwita asogee apokee salamu yake. Alipomaliza, baba mdogo alivua miwani akaifuta muda mrefu.

"Salamu tumezipokea," alisema. "Na habari yenyewe?"

Nikaisema kwa mdomo, neno kwa neno, nikisimama.

"Hayo ni yako."

"Ni ya mama."

"Mwanangu, siwezi kusema unadanganya. Lakini yameandikwa wapi?"

Shangazi hakuwa na ukali. Aliniuliza tu, "Chumba chako Migori kina vitanda vingapi?" Kilikuwa na kimoja. "Na ukienda kazini, nani atamwangalia? Ile mashine yako?" Watu wengine walicheka, naye hakucheka. Alikuwa na nyumba, na maziwa, na hamu ya mtoto. Jumapili shangazi na mtoto walipanda gari la Ntimaru. Mdogo wangu alibeba nguo zake kwenye mfuko wa karatasi, akaniuliza nitamfuata siku gani. Nikamwambia karibuni.

Nilirudi kazini. Mwenye ofisi alikuwa amechangia mazishi zaidi ya ndugu zetu wengi, na mpaka leo sijamwambia mtu mjini kile kilichotokea ukutani Ijumaa ile. Aliniuliza kama barua ilipatikana.

"Salamu zilipatikana," nilimjibu.

"Bwana asifiwe," akasema, kwa furaha ya kweli.

Nilikuwa nikienda Ntimaru ninapoweza. Mdogo wangu alinenepa, akajifunza Kikuria cha watoto wa pale, akaanza kumwita shangazi mama. Kabla miaka ya tisini haijaisha alikuja kwangu likizo ya Desemba, akiwa amejua kusoma. Nilimtolea ile karatasi. Aliisoma yote kwa sauti bila kukosea herufi, kisha akaniangalia. Kiluo chake kilikuwa kimebaki cha kuitikia tu. Nikamfasiria kwa Kiswahili, mtu kwa mtu.

"Na mimi?"

Nikamwambia alikuwa amepakatwa. Nikamwambia na yale mengine, yote, kwamba asitengwe na mimi, kwamba asome anipite. Alisikiliza akichezea kona ya karatasi.

"Niandikie," alisema. "Kama hivi. Nikae nayo."

"Nitakuandikia."

"Kwa Kiswahili. Lakini iwe ni mama anasema."

Nimekaa kwa kazi hiyo mara nyingi, kwenye mashine ile na nyingine zilizokuja baada yake. Naandika sentensi ya kwanza, naisoma, nasikia ni mimi. Yeye ameniuliza mara mbili tena, na mara zote nimemjibu kwamba iko njiani. Ukurasa huo bado anaudai.